Nyama ya Kuoka ya Wamarekani

Tuionapo nyama ya ng'ombe iliyosagwa, ikafinyangwa mfano wa mkate na kuokwa katika tanuri, twaweza kudhani kuwa hicho ni chakula cha anasa. Sivyo. Huko Marekani kilienea hasa wakati wa dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, akina mama walipochanganya nyama haba na mkate mkavu, mayai na vitunguu ili jamaa wote washibe. Tena nyama iligawiwa kwa vipimo toka Machi 1943 hadi Novemba 1945. Sisi twausifu zaidi mchuzi wake: mafuta yaliyochuruzika hukaangwa pamoja na unga wa ngano, yakatiwa maji, yakamiminwa juu ya viazi vilivyopondwa, na tonge lisilo na nyama likapata ladha yake.