Mapambo ya karatasi za vitabu vikuukuu (Dallas–Fort Worth na Houston)

Mapambo ya karatasi za vitabu vikuukuu ni kazi ya mikono inayogeuza kitabu kisichosomwa tena kuwa pambo la nyumba. Kurasa hukunjwa, hukatwa, huviringwa au hubandikwa hadi yapatikane maua, mashada ya mlangoni, miti ya Krismasi, shanga, au jina la mtu linalochomoza kwenye ukingo wa kitabu kilichosimamishwa wazi. Makala hii inahusu kazi hiyo katika jimbo la Texas, Marekani: upande wa kaskazini katika miji jirani ya Dallas na Fort Worth, na kilomita zipatazo 385 kusini-mashariki mwa Dallas, mjini Houston, karibu na Ghuba ya Mexico. Sanaa hii haikuzaliwa Texas. Lakini malighafi yake, vifaa vyake na hata ruhusa yake ya kisheria vilipata makao Dallas na jirani zake ndani ya miaka miwili, 1972 na 1973, na hilo linatosha kuupa mji huo nafasi yake.

Mtumba, duka la vifaa na hukumu

Mwaka 1972 Ken Gjemre na Pat Anderson walifungua duka la vitabu vya mtumba mjini Dallas, ndani ya jengo lililokuwa la mashine za kufulia nguo. Kitabu kiliuzwa kwa nusu ya bei iliyochapishwa kwenye jalada, na jina likafuata hesabu hiyo: Half Price Books. Duka lilijitangaza kuwa linanunua chochote kilichochapishwa isipokuwa gazeti la jana. Leo kampuni hiyo ina maduka zaidi ya 100 katika majimbo mbalimbali, na duka lake kuu bado liko Dallas, barabara ya Northwest Highway. Fundi wa karatasi huwa hapiti kwenye rafu za riwaya mpya. Huenda moja kwa moja kwenye rafu za bei ya chini kabisa, ambako jalada gumu hugharimu senti kadhaa au dola chache.

Mwaka uliofuata, mjini humo humo, Michael Dupey alianzisha Michaels, duka la vifaa vya kazi za mikono ambalo makao yake makuu sasa yako Irving, kati ya Dallas na Fort Worth. Humo ndimo zinamonunuliwa gundi, visu vya karatasi, waya wa kijani wa kutengenezea vikonyo vya maua, na pete za kadibodi za kufumia mashada.

Tukio la tatu halijulikani sana hata kwa mafundi wenyewe. Mwaka 1973 mahakama ya shirikisho ya Wilaya ya Kaskazini ya Texas, ambamo Dallas na Fort Worth zimo, iliamua kesi ya C. M. Paula dhidi ya Logan. Mdaiwa alikuwa akinunua kadi na karatasi za barua zenye picha za kampuni ya Paula, akizibandua picha hizo kwa utomvu maalumu na kuzihamishia kwenye vibao vya kauri, kisha anaviuza. Mahakama ilisema hapo hapakuwa na kunakili: kila kibao kilihitaji picha moja iliyokwisha kununuliwa kihalali, na aliyeinunua alikuwa na haki ya kuiuza tena. Mahakama nyingine hazikuliona jambo hilo kwa jicho moja. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya magharibi mwa nchi iliamua kinyume katika kesi ya picha zilizokatwa kitabuni na kubandikwa kwenye vigae. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa ya Chicago ikakubaliana na Texas. Kwa anayekunja kurasa za maandishi matupu ugomvi huu haumgusi. Anayekata picha za msanii aliye hai na kuziuza ndiye anayepaswa kuujua.

Vitabu vinavyokatwa

Vinavyokatwa zaidi ni vile visivyo na mnunuzi hata kwa bei ya kutupa: riwaya zilizofupishwa za Reader's Digest, zilizoanza kutolewa 1950 kwa majalada magumu na kujaa rafu za nyumba za Wamarekani, majuzuu ya hukumu za mahakama, ambayo mawakili sasa huyasoma kwenye kompyuta, vitabu vya shule vya mitaala iliyopita, na kamusi elezo. Hapo mwandishi wa makala ya kamusi elezo hana budi kukohoa kidogo. Encyclopaedia Britannica ilitangaza Machi 2012 kwamba haitachapishwa tena kwenye karatasi; toleo lake la mwisho, la 2010, lilikuwa na majuzuu 32. Leo seti nzima ya miaka ya nyuma mara nyingi hutolewa bure kwa yeyote atakayekubali kuibeba.

Karatasi nayo ina umri wake. Kuanzia katikati ya karne ya 19 viwanda viliacha matambara ya pamba na kitani, vikaanza kutumia rojo la mbao na kulitia shabu ili wino usisambae. Mchanganyiko huo hutoa tindikali inayokula nyuzi za karatasi polepole. Ndiyo maana kitabu cha 1940 kina rangi ya chai ya maziwa, na kona ya ukurasa wake hukatika ukiikunja na kuikunjua mara mbili tatu. Watengeneza maua huipenda sana rangi hiyo. Mwenye karatasi nyeupe huiigiza kwa kuichovya kwenye chai ya rangi na kuianika. Anayekunja vitabu hutaka kinyume chake, karatasi ngumu kidogo ya miaka ya 1980 na kuendelea, wakati viwanda vingi vilipohamia karatasi isiyo na tindikali.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyesoma darasa la tano kwa kitabu kimoja dawati zima huenda akaumwa moyoni hapa, na swali lake hujulikana: kwa nini wasitutumie? Vingine hutumwa. Books For Africa, asasi iliyoanzishwa Minnesota mwaka 1988, imekwisha kuleta mamilioni ya vitabu barani, lakini huchagua. Juzuu ya hukumu za mahakama za Texas za 1962 haimfai mwanafunzi wa Songea, na nauli ya meli huwa ile ile. Isitoshe, kwetu karatasi iliyosomwa haijawahi kutupwa hivi hivi. Muuza karanga huiviringa koni, na mtu hutafuna huku akisoma alama za mtihani wa hesabu wa mtoto asiyemjua.

Kukunja

Ufundi unaoheshimiwa zaidi ni wa kukunja jina au umbo bila kukata hata karatasi moja. Huhitaji kitabu chenye jalada gumu na mgongo ulioshonwa, kwa sababu mgongo wa gundi tupu huachia kurasa zinapovutwa. Kurasa 400 ni karatasi 200, na karatasi 200 hutosha jina fupi.

Siri yake ni kwamba kila karatasi hubeba kipande kimoja chembamba cha umbo, kama ubao mmoja katika ukuta wa mbao. Fundi huwa na orodha ya vipimo. Tuseme karatasi ya 31 imeandikiwa sentimita 8.2 na 9.6. Hupima kutoka juu, kwenye ukingo wa nje, na kuweka alama mbili hafifu za penseli. Kona ya juu huikunja kuteremka hadi alama ya kwanza, kona ya chini huipandisha hadi ya pili, kisha hupitisha mfupa wa kukunjia au mgongo wa kijiko ili mkunjo ulale. Kinachobaki wima ni sentimita 1.4 tu za ukingo. Karatasi inayofuata ina vipimo tofauti kidogo, na ile ya baada yake vivyo hivyo, na kitabu kinaposimamishwa wazi na kuachwa kitanuke kama feni ya mkono, herufi hutokea.

Tatizo ni herufi zenye tundu, kama A, D na O, maana safu moja huhitaji vipande viwili, cha juu na cha chini, na karatasi moja haiwezi kubeba vyote bila kukatwa. Mafundi hupokezana: karatasi moja hubeba kipande cha juu, inayofuata cha chini, na jicho la mtazamaji huziunganisha. Kosa la milimita mbili kwenye karatasi moja halionekani. Kuruka karatasi moja bila kujua huharibu kila kinachofuata, na kitabu kilichokwisha kukunjwa hakinyooki tena. Ndiyo maana wenye uzoefu huandika namba ya karatasi pembeni hata pale kitabu chenyewe kina namba.

Mti wa Krismasi ni wa wanafunzi wa mwanzo. Jalada hung'olewa, kona ya juu ya kila karatasi hukunjwa hadi kwenye mgongo, ukingo ulioinama hukunjwa tena hadi hapo hapo, na ncha inayoning'inia chini huingizwa ndani. Mtoto wa miaka minane anauweza.

Kuviringa

Waridi huanza na duara la sentimita kumi hivi, lililokatwa kwa mkasi kama konokono kutoka nje kuelekea katikati. Huviringwa kuanzia ncha ya nje, taratibu, na kitovu kilichobaki huwa kitako kinachopakwa gundi. Ukiviringa kwa nguvu, ua hubana kama tumba. Ukilegeza kidole kabla gundi haijashika, hufunguka lenyewe. Shada la mlangoni ni kazi rahisi zaidi: koni nyingi hubandikwa kwa gundi ya moto kuzunguka pete ya kadibodi, safu juu ya safu.

Shanga za karatasi zina ndugu Uganda. Mjini Kampala wanawake wamekuwa wakikata kalenda na mabango kuwa vipande virefu vya pembetatu, wakiviviringa juu ya njiti na kuvipaka vanishi. Asasi ya BeadforLife, iliyoanza 2004, ilizifikisha kwenye sebule za Marekani. Ushanga wa ukurasa wa riwaya hutengenezwa vivyo hivyo, ila rangi yake ni nyeusi na krimu tu.

Houston

Houston ina unyevu, na karatasi hunywa unyevu. Mikunjo iliyobanwa vizuri kwenye chumba chenye kiyoyozi hulegea ikiwekwa barazani mwezi Julai, na shada lisilopakwa vanishi huinamisha koni zake. Mji huo pia unajua maji yanavyofanya vitabu. Juni 2001 dhoruba Allison ilifurika hadi ghorofa ya chini ya maktaba ya sheria ya Chuo Kikuu cha Houston, na vitabu vipatavyo 174,000 vikaangamia. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilimwaga zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika sehemu nyingi za eneo hilo. Vitabu vya mafuriko havifai kwa pambo lolote hata vikikauka: kuvu hubaki kwenye nyuzi, na anayevikata huivuta puani.

Kwa upande mwingine, Houston haioni haya kutengeneza sanaa kwa vitu vilivyotupwa. John Milkovisch alianza 1968 kuupamba uwanja wa nyumba yake, na baadaye akaifunika nyumba yenyewe kwa makopo ya bia, yanayokadiriwa kufikia 50,000. Jeff McKissack, mpeleka barua, alifungua 1979 jumba lake la Orange Show. Katika mji wa namna hiyo kukata kamusi hakuhitaji kuombewa radhi. Wanaotaka kujifunza kwa utaratibu wana The Printing Museum, iliyoanzishwa 1979, yenye mafunzo ya kuchapa na kujalidi vitabu, na Houston Center for Contemporary Craft, kituo kilichofunguliwa 2001. Kaskazini, Craft Guild of Dallas ni chama cha tangu 1948, na mjini Fort Worth asasi ya The Welman Project hukusanya masalio ya maofisi na viwanda na kuwapa walimu bila malipo.

Vitabu vya McMurtry

Mwandishi Larry McMurtry, aliyesoma Chuo Kikuu cha Rice, Houston, alijaza majengo kadhaa ya mji mdogo wa Archer City, kaskazini-magharibi mwa Fort Worth, kwa vitabu vya mtumba. Agosti 2012 alipiga mnada takriban 300,000. Alifariki 2021, na duka lake la Booked Up likanunuliwa na Chip Gaines, ambaye pamoja na mkewe Joanna anajulikana kwa kipindi cha televisheni cha kukarabati nyumba. Sehemu ya vitabu vya duka hilo ilipelekwa kupamba hoteli yao ya Waco. Havikukatwa, lakini kazi yao sasa ni ile ile ya shada la mlangoni: kutazamwa.

Visivyokatwa

Msahafu haukatwi, na mafundi wengi hawaigusi Biblia wala kitabu cha familia. Vitabu vya karne ya 19 vyenye jalada la kitambaa cha kijani kibichi viachwe pia, kwa sababu nyingine: baadhi ya rangi hizo zilitengenezwa kwa aseniki, na tangu 2019 maktaba ya Winterthur, huko Delaware, imekuwa ikiviorodhesha. Toleo la kwanza la Lonesome Dove, riwaya ya McMurtry ya 1985, lina thamani kubwa kuliko waridi zote zitakazotoka humo. Kwa hiyo kabla ya kushika kisu funua karatasi tatu za mwanzo, soma mwaka na toleo, na ukikuta jina limeandikwa humo kwa wino, muulize kwanza aliyekuletea kitabu hicho.