Mafunzo ya wahudumu wa watu wasio na makazi

Mafunzo ya wahudumu wa watu wasio na makazi ni maandalizi ya kitaaluma kwa wale wanaowasaidia watu wanaolala mitaani kupata nyumba na kudumu ndani yake. Umuhimu wake ulidhihirika baada ya Sam Tsemberis kuanzisha mjini New York, mwaka 1992, mpango wa kutanguliza nyumba bila kumtaka mtu aache kwanza pombe au akubali tiba. Sharti hilo likiondoka, mhudumu hana tena cha kumbana mteja; hubaki na ustadi wa kusikiliza, kushawishi na kupunguza madhara ya ulevi. Nchini Kanada, jaribio la mpango wa aina hiyo la 2009–2013 lililohusisha watu wapatao 2,000 katika miji mitano liliwafunza wahudumu na kukagua utendaji wao. Kanuni za mpango zilipozingatiwa zaidi, matokeo yalikuwa bora zaidi.

Wapo wanaodai kwamba fedha za mafunzo hayo zingelipa kodi za nyumba. Hoja hiyo ina uzito, kwani mafunzo hayajengi nyumba. Hata hivyo, mpangaji mwenye maradhi ya akili akikosa wa kumpatanisha na mwenye nyumba, kodi iliyolipwa huenda isimwepushe na kufukuzwa. Kwa hiyo mafunzo yahesabiwe ndani ya gharama ya makazi, si pembeni yake.