Likizo ya ugonjwa: Mhudumu wa afya ana haki gani anapougua kwa muda mrefu?

MUUGUZI wa hospitali ya umma jijini Nakuru, au kule Molo na Naivasha, anapolazwa kwa miezi mitatu, jamaa zake hujiuliza iwapo mshahara utaendelea kuingia. Jibu halimo katika sheria moja, na wengi hulitafuta wakiwa wamechelewa.

Msingi wa haki hiyo ni kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Mfanyakazi aliyemtumikia mwajiri wake kwa miezi miwili mfululizo anastahili angalau siku 7 za likizo ya ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Kipindi hicho kwa kawaida huanza tarehe aliyoajiriwa. Malipo hukadiriwa kwa mshahara wa msingi. Marupurupu yasichukuliwe kuwa yamehakikishwa.

Ili kulipwa, sharti amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo na kuwasilisha cheti cha daktari.

Siku 14 ni chache mno kwa anayetibiwa saratani au figo. Nchini Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 hutoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu.

Hata hivyo, siku hizo 14 ni kima cha chini tu. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo ya Kenya chasema kwamba masharti bora yaliyomo katika mkataba, au katika makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, ndiyo yatakayofuatwa. Kwa kuwa huduma za afya zilihamishiwa kaunti mwaka 2013, mwajiri wa wengi ni serikali ya kaunti. Mhudumu aombe nakala ya masharti ya utumishi akiwa bado mzima. Aliye kwa kandarasi ausome mkataba wake kwa makini zaidi, kwani huenda usimpe siku zaidi ya hizo 14.

Hali ni tofauti iwapo maradhi au jeraha limetokana na kazi, mathalani kuchomwa na sindano iliyotumika wodini. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliidhinisha Desemba 2019, huwahusu pia watumishi wa serikali. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa fidia inayolingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12. Mwajiri hutakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kabla ya siku 7 kupita tangu apate habari, na madai ya ajali huwasilishwa kabla ya miezi 12 kwisha.

Je, mgonjwa aweza kuachishwa kazi? Ndiyo, lakini si kwa barua ya ghafla. Kifungu cha 41 humtaka mwajiri kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na kumsikiliza. Asiyeridhika ana miaka mitatu kufika katika Mahakama ya Ajira, ambayo ina kituo Nakuru.

Kila cheti na kila barua itunzwe, nayo nakala ipigwe muhuri wa tarehe ya kupokewa. Kesi nyingi husimama au kuanguka kwa karatasi hizo.