Mkono Ndani ya Chungu

Chungu nilikinunua Kariakoo, kwa mama aliyepanga vyungu na vyetezo kwenye turubai pembeni mwa barabara.

"Shikamoo mama. Hiki kimefinyangwa vipi?"

"Marahaba mwanangu. Mimi nauza tu. Ila kigonge usikie."

Kililia vizuri. Siku iliyofuata nikakipeleka kwa rafiki anayepiga picha za eksirei mjini. Akacheka: "Mgonjwa wako kavunjika wapi?"

Nasomea akiolojia, shahada ya uzamili. Vigae ninavyotaka kuvichunguza vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Huwezi kuvitia begini tu ukapanda daladala. Huku nikisubiri kibali, nimeamua kujifunzia kwenye chungu cha sokoni.

Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii 1895. Mwaka 1977 Owen Rye alichapisha utafiti kuhusu namna inavyofichua ufinyanzi. Udongo mbichi hukumbuka. Ukibonyezwa, vipovu vya hewa na chembe za mchanga hulala kufuata nguvu ya mkono. Kamba za udongo zikipandanishwa duara juu ya duara, maungio hubaki yamelala. Donge likivutwa kwenda juu, vipovu hurefuka kwenda juu. Gurudumu huvipeleka mshazari. Mfinyanzi anaweza kulainisha nje apendavyo, lakini ndani hakufichiki.

Kwetu pwani hili si jambo dogo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, aliamini kuwa miji yetu ilianzishwa na wahamiaji kutoka ng'ambo. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipinga. Katika kitabu chake cha 1994 alionyesha kwamba vyungu vya pwani vyenye michoro ya pembetatu vilitokana na vyungu vya wakulima wafua chuma waliokuwapo hapa kabla. Hoja ilisimama sana juu ya umbo na michoro. Lakini mchoro unaweza kuigwa na yeyote aliyeuona sokoni. Namna ya kuinua ukuta wa chungu hufundishwa kwa kukaa karibu na mama au shangazi, miaka. Ndiyo maana nataka kuona ndani ya vigae vile.

Kwenye skrini, tumbo la chungu changu lilijaa vipovu virefu vilivyosimama. Shingoni palipita mstari mmoja hafifu, uliolala. Donge lilivutwa, kisha kamba moja ikaongezwa juu.

Jioni nilimwonyesha mama picha ile kwenye simu. Akaitazama kimya.

"Bibi yako alianza hivyo hivyo. Kwa donge."

Sikuwahi kujua kuwa bibi alifinyanga. Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuuliza," akasema, huku mikono yake ikivuta hewa kwenda juu, taratibu.