Orodha ya Abiria: Historia Ambayo Programu za Usafiri za Kagera Hazina Budi Kuijua

Tovuti ya usafiri, pamoja na programu ya simu inayoambatana nayo, kwa kawaida huanza na picha. Kwa mkoa wa Kagera picha hizo tunazijua: kisiwa cha Musira kikitazamwa kutoka ufukwe wa Bukoba, migomba, sahani ya senene. Vijana wetu wanapopewa wiki chache kukamilisha kazi ya namna hii, kinachomalizika kwanza ni kile ambacho mwajiri atakiona siku ya makabidhiano. Kinachosogezwa hadi "awamu ya pili" ni sehemu isiyo na mvuto kwa macho, yaani kumbukumbu ya nani amesafiri, amepandia wapi na anakwenda wapi. Ninadai kwamba kwa Bukoba na Muleba utaratibu huo umepinduka miguu juu, na ushahidi wangu ni wa kihistoria.

Alfajiri ya Jumanne, 21 Mei 1996, MV Bukoba, meli ya Shirika la Reli Tanzania, ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa imeondoka Bukoba jioni iliyotangulia na kupitia bandari ya Kemondo, ambako abiria wengi waliongezeka. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha iliyokuwapo ilionyesha watu 443, lakini hao walikuwa wa daraja la kwanza na la pili pekee. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Idadi ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni 894, na makadirio mengine hutofautiana nayo kwa mamia. Tofauti hiyo ya mamia ndiyo inayopaswa kumshtua mwanahistoria. Taifa zima liliomboleza kwa siku tatu, na hata hivyo halikuweza kusema kwa hakika linamwomboleza nani.

Kwa nini daraja la tatu halikuwa na majina? Jibu la haraka ni uzembe, nalo lina ukweli wake. Lakini kuna jibu la kina zaidi. Katika mfumo wa reli na meli tuliourithi kutoka ukoloni, abiria wa daraja la kwanza alikuwa mgeni aliyetengewa kitanda, na kitanda hudai jina la mtu. Abiria wa daraja la tatu, ambaye kwa desturi alikuwa Mwafrika, alilipa nauli akapewa kikaratasi, akatafuta pa kukaa. Kikaratasi hicho kilikuwa risiti. Kilithibitisha kwamba fedha zimepokelewa. Hakikuthibitisha kwamba mtu fulani yumo melini. Uhuru ulibadilisha bendera na jina la shirika, ila tiketi ya daraja la tatu ikabaki kuwa hati ya mhasibu.

Miongoni mwa waliozama alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, kamanda wa kijeshi wa al-Qaeda. Wenzake walitumwa ziwani kuhakikisha kama kweli amekufa, na habari zake zikaja kusikika katika mahakama ya New York, kwenye kesi ya milipuko ya balozi za Marekani. Gaidi mmoja aliulizwa habari zake katika mabara matatu. Mchuuzi wa ndizi aliyepandia Kemondo aliulizwa na nduguze tu.

Wapo watakaosema kwamba yote hayo yalikuwa matatizo ya enzi ya karatasi. Basi tutazame tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa takriban watu 100. Waliokufa walizidi 220. Safari hii mashine ya kukatia tiketi ilikuwapo. Ilizama pamoja na kivuko, na aliyekuwa akiishika akafa. Kifaa kilikuwa cha kisasa, lakini fikra iliyokiongoza ilikuwa ileile ya risiti: kuhesabu fedha, na kuihifadhi hesabu humo humo chomboni.

Linganisha na asubuhi ya 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilifahamika siku ileile kwamba waliokuwamo ni 43. Walikufa 19 na kuokoka 24. Wavuvi ndio waliofika kwanza kwa mitumbwi yao, jambo linalotosha kuandikiwa makala yake. Lakini idadi haikuwa fumbo, kwa sababu katika usafiri wa anga orodha ni kanuni ya zamani kuliko kompyuta. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaitaka ndege ya safari za kimataifa yenye abiria ibebe orodha ya majina, mahali walikopandia na wanakoelekea. Kwa safari za baharini za kimataifa, kanuni za usalama zinataka watu wahesabiwe kabla ya kung'oa nanga, na kumbukumbu ihifadhiwe nchi kavu ambako waokoaji wataipata. Nchi kavu! Laiti neno hilo lingeandikwa juu ya meza ya kila mbunifu wa programu.

Sasa turudi kwa kijana wetu na wiki zake chache. Muleba ina visiwa kama Bumbire, Ikuza, Goziba na Kerebe, ambako msafiri hupanda mtumbwi, na simu yake huenda ni ya kitochi. Programu inayodai intaneti yenye kasi na picha nzito imekwisha kumwacha nje, kama daraja la tatu lilivyoachwa. Ujumbe mfupi wa maandishi wenye jina, chombo na mwalo wa kupandia, uliopokelewa kwenye seva ya nchi kavu kabla ya kuondoka, una thamani kuliko kurasa kumi za picha. Hali kadhalika mabasi ya Mwanza na Bukoba: abiria anayepandia njiani, Muleba au Kemondo, aingizwe kwenye orodha hata kama amelipa taslimu. Na kwa kuwa majina ya watu si mali ya kuchezea, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 isomwe kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu.

Kwa maofisa wanaoandaa zabuni, ninashauri orodha ya abiria iwe sharti la malipo ya awamu ya kwanza. Picha zisubiri. Huko Igoma, Mwanza, yapo makaburi ya abiria wa MV Bukoba, na humo wamelala watu waliozikwa bila kutambuliwa.