Ukumbi usio na bia

Wiki hii nilibanwa na kazi ya kozi ya historia ya Marekani, nikakutana na ukumbi mmoja ulioninyima usingizi.

Unaitwa Preservation Hall, uko New Orleans, ndani ya mji mkongwe ulioanzishwa na Wafaransa mwaka 1718. Mwanzoni kilikuwa chumba cha muuza picha, Larry Borenstein. Jamaa alipenda jazz lakini duka lilimbana hadi usiku, hawezi kutoka. Basi akawa anawaita wazee wa muziki wapige palepale. Mwaka 1961 wakatokea vijana wawili, mke na mume, Allan na Sandra Jaffe. Wakanogewa, wakauchukua.

Sasa angalieni mazingira yenyewe. Rock and roll ilishachukua vijana, wazee wa jazz hawana kazi. Halafu kusini mwa Marekani, mweusi na mweupe kukaa benchi moja ilikuwa kesi. Pale walikaa, na hiyo ni kabla ya sheria ya haki za kiraia ya 1964! Hakuna bia, hakuna maiki, ni mabenchi na muziki tu. Mpiga piano Sweet Emma Barrett alipata kiharusi mwaka 1967, akaendelea kupiga kwa mkono wa kulia peke yake. Allan alifariki 1987, na baadaye mwanawe Ben akashika usukani. Kimbunga Katrina kikaufunga 2005, ukafunguliwa tena 2006.

Sasa usingizi uliniruka kwa nini? Marehemu babu yangu alipiga saksafoni Morogoro miaka ya sitini, enzi ambazo bendi nyingi za dansi zilijiita Jazz hata kama zinapiga rumba. Mimi nilimjua kama mzee wa bustani tu. Alipougua, saksafoni ikauzwa tukanunua dawa. Hakuna aliyewahi kumwambia, "Babu, hebu tupigie jioni moja." Hata mimi sikumwambia.

Wale akina Jaffe walianza na kitu kidogo sana: chumba, mabenchi, na neno "karibu mzee".

Kuna rafiki yake babu, mpiga gitaa, bado yu hai. Likizo hii naenda kumwamkia na kumrekodi. Wewe mdau, wako yuko wapi? Muulize mapema.

Haya, ngoja niwahi foleni ya kantini.