Kijana aliyebaki jangwani

Katika vita ya 1939-1945 majina ya askari wengi yaliandikwa katika orodha ya waliopotea. Askari aliyekufa na kuzikwa ana kaburi, na mama yake anajua mahali pa kulia. Aliyepotea hana. Sisi wenyewe tunajua taabu ya kuondoa kilio pasipo kuona maiti: jamaa hawathubutu kumaliza matanga, maana labda kesho mwenyewe atasimama mlangoni. Leo tunataka kumkumbuka mmoja wao, Vernon Moore, kijana wa Ohio katika Marekani, askari wa bunduki katika ndege ya mabomu.

Ndege yao ilikuwa ya motere nne, namna ya B-24, na jina lake Lady Be Good. Siku ya 4 mwezi wa nne 1943, Jumapili ya nne ya Kwarezima, ilitoka Soluch, karibu na Benghazi katika Libya, pamoja na ndege nyingine zaidi ya ishirini, kwenda kupiga bandari ya Naples. Ndani walikuwa watu tisa, na safari ile ya vita ilikuwa ya kwanza kwao. Upepo wa mchanga ukawatenga na wenzao. Usiku wakarudi peke yao, wakaomba kwa radio waonyeshwe njia.

Hapa sherti tusimame kidogo, kwani kifo chao kilianzia hapa. Mashine ya uwanjani ilisikia sauti yao, ikatoa jibu. Lakini mashine za namna ile zilitambua mstari tu. Hazikuweza kujua kama sauti inatoka mbele, upande wa bahari, ao nyuma, upande wa jangwa. Waliochunguza jambo hili wanaona kwamba ndege ilikuwa imekwisha kupita uwanja. Basi jibu lilikuwa la kweli, na liliwapoteza. Wakazidi kwenda kusini karibu saa mbili nzima, wakidhani bahari ingali chini yao. Sisi hatuthubutu kumlaumu mtu.

Baada ya saa nane ya usiku esanse ilikuwa karibu kwisha, wakaruka kwa parashuti. Parashuti ya mmoja haikufunguka vizuri, akafa. Wale wanane wakakutana, wakaanza kutembea kuelekea kaskazini, wakiacha alama njiani: viatu vilivyopangwa kama mshale, na vitambaa vya parashuti vilivyowekewa mawe. Maji yao yalikuwa nusu ya chupa moja; kila mtu alipata kifuniko kimoja kwa siku. Toner, msaidizi wa mrubani, aliandika habari za kila siku katika kitabu chake kidogo. Ameandika juu ya jua, juu ya baridi ya usiku, juu ya macho yaliyoumizwa na mchanga, na juu ya sala walizosali pamoja. Maneno yake ya mwisho ni ya Jumatatu, siku ya 12.

Kumbe ndege yenyewe, pasipo mtu ndani, ilikuwa imeshuka kwa tumbo juu ya mchanga, kilometa karibu 25 kusini ya mahali waliporuka. Ilikuwa na maji na chakula. Hata radio yake, ilipojaribiwa miaka kumi na sita baadaye, ilifanya kazi. Wao walikuwa wameipa mgongo.

Siku ya tano watano walishindwa kuendelea. Watatu wakazidi mbele kutafuta msaada: Shelley, Ripslinger na Moore.

Wakubwa wa jeshi walidhani wote wamezama baharini. Mwaka 1958 watu waliotafuta petroli waliiona ndege toka juu, zaidi ya kilometa 700 mbali na bahari. Mwaka 1960 maiti za wale watano zilionekana pamoja. Kisha ya Shelley, mbele yao zaidi ya kilometa 30. Kisha ya Ripslinger, mbele tena. Mwisho ya yule wa parashuti. Moore alitafutwa, hakuonekana.

Katika kanisa la kambi ya Wheelus, karibu na Tripoli, Wamarekani waliweka dirisha la vioo vya rangi kwa ukumbusho wa watu wale tisa. Walipoacha kambi ile mwaka 1970 dirisha lilipelekwa kwao. Sasa liko katika nyumba ya ukumbusho wa ndege za vita huko Dayton, katika Ohio. Moore alitoka Ohio vilevile. Yeye hajarudi.